Ndizi Haikuwa Kwenye Orodha

Mwaka jana niliacha wanga kwa mbwembwe zote. Nesi alinipima sukari, akanisimamisha kwenye mizani, akasema nisipopungua nitaanza vidonge. Niliogopa kweli. Mama yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, na mimi ndiye ninayemsogezea magongo kila asubuhi.

Basi nikawa mtu wa masharti. Ugali, sigusi. Chapati za sokoni Omurushaka nilizipita nimeinua pua. Kwenye harusi nilimrudishia mpakuaji wali wake, nikamsomesha habari za wanga mpaka foleni nzima ikanuna. Wifi yangu, ambaye naye alipimwa siku ile akaambiwa apungue, hakuacha kitu. Alikula kila kilichopikwa, ila kidogo, kwenye sahani ya mtoto. Nilimcheka sana. Nikamwambia, "Wifi, unajitesa bure na njaa. Wenzako tunapungua tumeshiba."

Na kushiba nilishiba. Mama alipika ebitoke, ndizi zetu za huku, na maharage, akafunika kwa majani ya mgomba, nami nikashusha sahani mbili za mlima, mchana na jioni. Huku kwetu nani anahesabu ndizi? Ndizi ndiyo chakula. Usipoila, hata umalize sufuria nzima ya wali, ukiulizwa utasema hujala.

Baada ya miezi mitatu tukarudi kupimwa. Wifi alikuwa amepungua kilo sita. Mimi nimeongezeka mbili, na sukari imepanda. Nesi, mtu wa Singida, akauliza ninakula nini. Nikajibu kwa kujiamini, "Ndizi tu."

Akaweka kalamu chini. "Dada, ndizi ya kupika ni wanga vilevile. Na hata isingekuwa wanga, sahani mbili ni sahani mbili."

Wifi aligeukia dirishani ili asinicheke usoni. Nilimchukia siku nzima.

Nyumbani nikamsimulia Mama, nikitegemea tutamsema yule nesi pamoja. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anapakua.

"Hata mimi waliniambia hivyohivyo, nikiwa na miguu yangu miwili," akasema. "Nikawajibu, nyie si watu wa huku, chakula hamkijui."

Akanisogezea sahani, imejaa kama siku zote. Nikarudisha nusu sufuriani. Mama akaniuliza kama naumwa.