Sarafu Niliyoiosha kwa Ndimu na Jivu

Wewe unayenisikiliza, ukidhani nimetunga, muulize dada yangu Furaha kule Kenmore. Yeye naye yalimkuta.

Mimi nakaa Columbus, nafanya kazi ghalani, na nakusanya senti tano za kale za nikeli, zile zenye kichwa cha mwenyeji wa asili wa nchi hii upande mmoja na nyati upande wa pili. Rafiki yangu wa Louisville ndiye aliyenifundisha. Thamani iko kwenye mwaka, na mwaka umechorwa mahali palipoinuka, kwa hiyo ndio hufutika kwanza. Kila sarafu ina bahasha yake, na juu yake unaandika umeipata kwa nani. Si vigumu, hata wewe utaweza.

Lakini jua hili kwanza: mimi na Furaha hatuna picha ya marehemu mama. Tulikimbia Uvira, kule Kongo, mikono mitupu. Sura yake tuliibeba kichwani tu.

Jumamosi moja alasiri, kwenye mnada wa vitu vikuukuu huko Gahanna, nilikuta meza yenye sarafu moja, nyeusi kwa uchafu, mwaka ukisomeka vizuri. Nikainua macho kumtazama mwenye meza. Alikuwa mama.

“Beba ivi ivi, mutoto,” akasema. “Usiisafishe.”

“Bei gani, mama?”

“Unaniuliza mimi bei?” Akacheka.

Nikainama kuandika bahasha, sarafu ikiwa kiganjani. Nilipoinuka, palikuwa na meza tupu.

Niliamua kumpa Furaha sarafu ile. Sasa niambie, kwetu nani hutoa zawadi chafu? Niliisugua kwa ndimu na jivu, kama mama alivyotufundisha kusugua masufuria. Mwaka ukafutika. Kisha kile kichwa nacho kikafutika, sarafu ikabaki laini kama ukucha.

Nikampigia simu Furaha, ambaye ndiye mkubwa wangu. “Yaya, nilimwona mama.”

“Bon, alikuwa namna gani?”

Nikaitafuta sura yake kichwani. Sikuona kitu. Upande wa pili wa simu mafuta yalilia kwenye kikaango.

“Mdogo wangu,” akasema polepole, “asubuhi nilikuwa naye hapa kichwani, nikikaanga samaki. Sasa simuoni.”

Ni miaka miwili. Mpaka leo hajarudi kichwani, wala ndotoni. Tumebaki na yale niliyoandika kwenye bahasha: *Mama mmoja. Kovu juu ya jicho la kushoto. Anacheka kwa upande.* Jumapili tunasomeana kwenye simu.

Kwa hiyo ukipata sarafu ya kale, ishike kwa kingo, itie kwenye bahasha kavu, andika nani alikupa na alivyofanana. Usiioshe.