Pistoni Iliyosagwa

Injini niliimaliza Jumatano. Ilitosha kwenye kiganja: silinda niliyoichonga kutoka ekseli ya gari bovu, kabureta ya shaba, pistoni ndogo kama ncha ya kidole gumba. Miezi saba niliihangaikia kwenye kona ya gereji ya mzee mmoja Mrundi, mtaa wa Schaerbeek, niliyemwita tonton, yaani mjomba, ambaye hakuniuliza vyeti. Vyeti sina. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nahamahama, nafungua kila chenye skrubu.

Jumamosi nilitakiwa mtaa mwingine, Koekelberg. Mbelgiji mwenye karakana ya kuchonga vipuri alikuwa anatafuta fundi. Aliniambia nimpelekee injini ikiwa inawaka, naye hatauliza cheti. Isipowaka, alikuwepo kijana wa chuo anayesubiri.

Ijumaa mchana nikaibana mezani, nikatia mafuta, nikazungusha gurudumu lake la kuwashia. Kimya. Nikabadilisha plagi, cheche ilikuwepo, ya buluu. Nikazibua kabureta kwa waya. Kimya. Nikawahisha cheche, nikaichelewesha, vidole vikatoka malengelenge. Ndipo nikagundua kwamba gurudumu lilizunguka kirahisi mno. Jumatano lilikuwa linagoma, hewa ikibanwa juu ya pistoni. Nikadondosha oili nzito ndani ya silinda. Ugumu ukarudi, injini ikatoa milipuko miwili, ikafa. Basi hewa ilikuwa inavuja kandokando ya pistoni. Nikaichomoa. Niliiacha iking'aa, sasa ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika kotekote.

Tonton alikuwa anakunywa chai. Nikamuuliza nani ameigusa.

"Ni mimi, mwanangu. Ilikuwa inakaza sana kule juu. Jana nikaisaga kidogo na ile dawa ya kusagia vali. Bon, sasa ni laini, si ndiyo?"

Miaka thelathini alitengeneza malori Bujumbura. Pistoni za malori zina ringi za kuzuia hewa, na kwake injini inayokaza ni mgonjwa. Yangu haikuwa na ringi. Kule kukaza ndiko kulikokuwa uhai wake.

Nimelelewa nisimpazie mkubwa sauti. Nikamwambia asante, kisha nikatoka nikapiga teke ukuta wa watu hadi mguu ukauma.

Jumamosi nilikwenda na injini iliyokufa. Nikamweleza Mbelgiji kosa lote, hatua kwa hatua. Alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akanisifu kwamba naelewa, halafu akasema kijana wa chuo anaanza Jumatatu. Kama naelewa, alitaka nini zaidi? Moshi?

Pistoni mpya ilinichukua siku tisa. Ilipowaka, ilivuma kama nyigu kwenye kopo. Tonton akatoka mvunguni mwa gari, akaita majirani wawili waje waone. Aliwaambia, mkono wake begani kwangu, kwamba hii tumeitengeneza sisi wawili.

Nikafunga mafuta. Injini ikazima.

"Hapana, tonton. Wewe uliiharibu. Kazi ya Koekelberg niliikosa kwa sababu yako."

Hakuwa anajua. Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu Koekelberg. Mkono ukashuka begani. Majirani wakaanza kutazama gari lililoinuliwa kana kwamba lilikuwa lao.

"Ungesema," akajibu, polepole. "Ungesema tu usiiguse."

Kinachonikasirisha mpaka leo ni kwamba alikuwa sahihi, na kwamba hata hivyo sijamwomba msamaha.