Nafasi Moja ya Beki

Mwezi wa Juni, wanaume wa Birmingham wanapotembea vifua wazi barabarani, mimi huwa nimevaa koti. Ofisi yetu iko juu ya uwanja wa barafu, na mitambo ya kugandisha maji haizimwi hata kiangazi, kwa hiyo baridi hupenya sakafuni na kunipanda hadi magotini. Nafanya kazi katika timu ya hoki ya barafuni. Ndugu zangu Kenya hudhani nawatania. Wao wakisikia hoki huona nyasi na wasichana wa shule za bweni. Nikiwaambia hii yetu huchezwa juu ya barafu, na wanaume wenye viatu vya vyuma wanaogongana makusudi, hucheka halafu huniuliza kazi yangu ya kweli ni ipi.

Kazi yangu ya kweli ni kiangazi. Hapa Uingereza wachezaji wengi wa mchezo huu husajiliwa kwa msimu mmoja mmoja, kwa hiyo msimu ukiisha mikataba nayo huisha, na kikosi hujengwa karibu upya. Kocha huchagua anaowataka, mwenye timu hulalamika, na mimi ndiye ninayepiga simu, ninayeshughulikia viza, ninayetafuta nyumba za kupanga na shule za watoto. Mimi pia ndiye ninayejua nani atatemwa kabla mke wake hajajua. Wako wanaoniambia nitazoea. Sijazoea, na sitaki kuzoea.

Mwaka ninaousimulia, roho yangu ilikuwa juu kwa sababu ya nahodha wetu. Alikuwa beki, Mslovakia mrefu mwenye pua iliyovunjika zaidi ya mara moja, na alikuwa ametuchezea misimu minne. Mkewe alikuwa mwalimu msaidizi katika chekechea moja huko Northfield. Binti yao alikuwa amefika hatua ile ninayoijua vizuri kwa watoto wetu wenyewe, mama anamsemesha kwa lugha ya kwao na yeye anajibu kwa Kiingereza cha Birmingham bila hata kugeuka.

Walikuwa wamebakiza msimu mmoja tu. Wakiumaliza, wangeweza kuomba haki ya kuishi nchi hii moja kwa moja, bila kutegemea timu wala kocha wala mtu yeyote. Nahodha asipopata mkataba, viza inakatwa, na miaka yote waliyokaa inakuwa kazi bure. Hayo sihitaji kuelezwa na mtu. Nilikuja huku mwanafunzi, nikahama kutoka viza moja hadi nyingine, na nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiigeuzageuza kila bahasha ya serikali mlangoni kabla ya kuifungua.

Shida ni kwamba ligi ina kikomo cha wachezaji wa kigeni. Nafasi zikijaa, zimejaa. Kocha wetu, Mkanada asiyependa maneno mengi, alikuwa na ubao mweupe ukutani uliobandikwa vipande vya sumaku vyenye namba za wachezaji. Kufikia Juni sehemu ya wageni ilikuwa imebaki na nafasi moja, nayo ilikuwa ya beki. Nje kidogo ya mstari alikuwa ameweka sumaku mbili. Moja ilikuwa ya nahodha. Nyingine haikuwa na namba bado, lakini sote wawili tulijua ni ya kijana mmoja Mfini mwenye miguu ya upepo.

"Magoti ya nahodha yamekwisha," kocha akasema. "Mwezi wa Machi walikuwa wanampita kama amesimama kusubiri basi."

"Na mwezi huohuo ni nani aliyewatuliza wenzake tulipokuwa tunafungwa kila wiki?"

"Utulivu haukimbii."

Nilitamani kumrushia kikombe. Badala yake nilikishika kwa mikono miwili nikamwambia kuna njia nyingine. Kulikuwa na beki Mwingereza aliyekuwa akichezea timu moja ya kaskazini, kijana bado, na mkataba wake ulikuwa umeisha. Mwenyeji hahesabiwi katika nafasi za wageni. Tukimpata huyo, kocha atakuwa na miguu michanga anayoitaka, na ile nafasi ya mgeni itabaki kwa nahodha.

Kocha aliutazama ubao, akajikuna shingo. "Mpaka Ijumaa mchana," akasema. "Wakala wa yule Mfini hatanisubiri zaidi ya hapo, na sitamlaumu."

Wiki hiyo sikula vizuri. Nilimpigia wakala wa yule Mwingereza mpaka akaanza kunijua kwa sauti ya pumzi zangu. Nilimtafutia mchezaji wake nyumba mbili, nikamtumia picha za zote. Pembeni, kwa tahadhari tu, nilizungusha simu kwa timu nyingine kumtafutia nahodha nafasi. Wote waliuliza umri kwanza, kisha wakanitakia siku njema.

Yeye mwenyewe alikuwa akija uwanjani kila asubuhi kufanya mazoezi peke yake. Tulikutana kwenye ngazi. Alinisalimia, akaniuliza hali ya mama yangu, ambaye alikuwa anaumwa nyumbani Nakuru, akaendelea kushuka. Habari ya mkataba hakuigusa. Mtu mwingine angenikaba koo nimwambie, naye alikuwa na haki hiyo. Mkewe ndiye aliyeuliza. Alinitumia ujumbe kwamba shule inataka kujua kama binti yao atarudi Septemba. Nikamjibu kwamba wiki hii nitawajulisha. Jibu la kitoto kabisa, lakini sikuwa na lingine.

Ijumaa nilikaa na kocha ofisini, simu katikati ya meza. Chini yetu watoto wa shule walikuwa wanateleza na kupiga kelele, na kila walipoanguka kocha alikunja uso kana kwamba ameanguka yeye. Simu ilipolia niliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Wakala alianza kwa kuniuliza hali ya hewa ya Birmingham. Nikajua.

Mchezaji wake anabaki kaskazini. Mkewe hataki kuwa mbali na wazazi. Anatushukuru sana, na nyumba zote mbili alizipenda.

Kocha hakusema "si nilikuambia," na kwa hilo namheshimu hadi leo. Aliinuka, akabandua sumaku ya nahodha kwenye ubao, akaitia mfukoni. "Nitampigia baada ya kula," akasema.

"Humpigii."

"Ni kazi yangu."

"Basi mpigie kesho, nikiwa nimeshamwambia. Mtu ameacha magoti yake kwenye barafu yetu, halafu apewe habari hii kwa simu, pengine amesimama kwenye foleni ya kununua mkate? Naenda nyumbani kwake."

Alishusha pumzi, nikaona wazi kwamba amefurahi kutuliwa mzigo. Hilo lilinikera zaidi, lakini nilichukua mkoba nikatoka.

Kwenye gari nilimpigia binamu yangu, muuguzi anayekaa mtaa wa Newtown hapahapa mjini, ambaye ndiye mkubwa wetu sisi tuliofika huku. Nilihitaji kusikia sauti ya mtu wa kwetu kabla ya kuifanya kazi ile. Nilimweleza yote.

"Pole, mama," akasema. "Na umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, dada. Ni habari mbaya, si sherehe."

"Ndio mbaya zaidi! Wewe, tulipompoteza baba watu walikuja na nini? Si walikuja na sukari na maziwa? Ati uende kwa nyumba ya watu wako na shida, mikono ikining'inia hivyo? Hiyo ni kuwadharau. Pitia hapo Perry Barr ununue shopping kidogo, hata kama ni unga na majani. Usiniaibishe, please."

Sikubishana. Alisema kile nilicholelewa nacho. Nilipita dukani nikanunua sukari, unga, maziwa, majani ya chai, nanasi kubwa, na chokoleti ya mtoto. Ilijaa mifuko miwili. Nikajisikia afadhali kidogo, maana sasa mikono yangu ilikuwa na kazi ya kufanya. Nikavuka mji mzima kwenda Northfield nikiyarudia maneno yangu kwa sauti, na kila taa nyekundu nilikuwa naiombea ikawie.

Jambo ambalo sikulifikiria, na binamu yangu asingeweza kulijua, ni kwamba nyumba ile ilikuwa imeniona na mifuko kama hiyo mara mbili tu. Mara ya kwanza ni walipofika kutoka kwao, nikawapelekea chakula cha kuanzia maisha. Mara ya pili ni binti yao alipopata nafasi shuleni.

Mkewe alifungua mlango. Aliitazama mifuko, akaitazama tena, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Najua," akasema. Sisi sote tuliongea Kiingereza, kila mtu kwa lafudhi ya kwao. "Usiniambie. Umekuja na mifuko. Najua!"

Akanikumbatia, nanasi likiwa katikati yetu linanichoma tumboni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilisema, "Subiri kwanza, nisikilize," lakini alikuwa ameshageuka, simu mkononi. "Dakika moja tu. Mama hajalala wiki nzima kwa ajili yetu."

Bibi mmoja mwenye miwani akatokea kwenye kioo cha simu, jikoni kwake, mapazia ya maua nyuma yake. Maneno sikuyaelewa hata moja. Furaha niliielewa yote. Bibi alipiga makofi, akamwita mtu kutoka chumba kingine, akajifuta macho kwa aproni. Kisha simu ikageuziwa kwangu, na bibi akanipungia mkono akinishukuru. Nami nikampungia. Mifuko ilikuwa inanikata vidole, nami nimesimama pale napunga mkono.

Ndipo nahodha akashuka ngazi. Aliitazama mifuko, akanitazama usoni. Miaka yote aliyocheza alikuwa ameona watu wengi wakiachwa, na hakuhitaji neno. Alikuja akanipokea mizigo kama mwenye nyumba yeyote anavyompokea mgeni, akaipeleka jikoni. Nikamfuata.

"Nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kijana wa Ufini."

"Anapiga kwa upande wa kulia?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Mabeki wanaopiga kwa kulia ni wagumu kupatikana," akasema.

"Nilijaribu. Nakuapia nilijaribu kila mlango."

"Najua. Wiki nzima hukunitazama machoni."

Machozi yalinilenga, nikakasirika nayo, maana sikuwa mimi wa kulia katika nyumba ile. Nikasema naenda kumwambia mkewe sasa hivi. Akanizuia kwa kiganja, hakunigusa.

"Mwache amalize na mama yake."

Basi tukasimama jikoni tukisikiliza kicheko kutoka sebuleni. Ili mikono isikae bure akaanza kutoa vitu kwenye mifuko. Alifungua kabati, akaweka sukari rafuni, akasita, akaitoa tena na kuiacha mezani. Unga na majani ya chai hakuvigusa.

Mkewe aliingia uso ukiwa bado umelowa, simu mkononi, akiuliza kwa nini tumesimama kama walinzi na hakuna aliyetia maji ya chai. Nikamwambia palepale, kwa maneno yale niliyokuwa nimeyarudia njiani, ila yalitoka yamevunjika.

"Timu haitampa mkataba. Nafasi imeenda kwa mwingine. Nimekuja kuwaambia mwenyewe, sikutaka mwambiwe kwa simu."

Alicheka kwanza. Ananijua mimi ni mtu wa utani. Kisha akamtazama mumewe, na mumewe akainamisha macho, na kicheko kikakatika.

"Sasa mbona umeleta chakula?" akaniuliza.

"Kwetu hatuingii mikono mitupu kwenye nyumba yenye shida."

"Kwetu mtu akija na mifuko hivi," akasema, "ana habari njema." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Ungekuja mikono mitupu ningejua nikiwa mlangoni. Ningekuwa na muda hata wa kushika ukuta."

Hadi leo nasema sikukosea kwenda, na kocha akitaka kumtema mtu kwa simu bado tunagombana. Lakini kuhusu ile mifuko, mtu akinitetea namwambia anyamaze.

Nahodha alimshika mkewe bega, akasema kitu kwa lugha yao. Mkewe akautoa mkono ule taratibu. Alikuwa anaitazama simu.

"Mama atakuwa ameshatoka kuwaambia majirani," akasema. "Lazima nimwahi."

Akabonyeza, akaiweka simu mbele ya uso wake, akajaribu kuunyoosha uso. Mama yake alipokea akiwa bado anacheka.