Fundi Nasiri Achagua Darubini

Watu wa soko la Kicukiro, hapa Kigali, wanasema Fundi Nasiri ni bahili, na kwamba ubahili wake ndio uliomponza mkewe. Waongo wakubwa! Mimi Eustadia nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja, yeye na cherehani yake, mimi na nyuzi, vifungo na zipu zangu, na sijamwona hata siku moja akiwa na mkono wa birika. Nasiri si bahili. Nasiri ni mtu wa kuchagua, na kuchagua huko ndiko kulikotufikisha hapa. Na mimi nimo, msidhani najitoa.

Babu yake alikuja huku kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, akaoa, akabaki, akazikwa Nyamirambo. Mjukuu alirithi mkono. Akishika kitambaa kwa vidole viwili, hata kama amefumba macho, anakuambia kitapauka lini. Na suti ya mtu anaishona mara mbili. Kwanza anashona ya kujaribia kwa marekani, kile kitambaa cheupe cha bei ya chini, anakuvalisha, anakuzungusha, anaweka alama za chaki, anafumua, ndipo anapogusa kitambaa chako chenyewe. Wateja wananuna kwamba anachelewesha. Yeye huwajibu, "Ukitaka ya kesho, nenda kwa fundi wa kesho." Wananuna, kisha wanarudi, maana suti ya Nasiri ukiivaa hutamani kuivua.

Mkewe, Mahoro, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili. Sote tunamwita Mwalimu, hata mumewe. Kisukari kilimwondoa darasani mapema, kikaanza na miguu, kikapanda machoni. Jicho la kushoto lilizima mwaka juzi. Mwezi wa tano mwaka huu walikwenda kupima la kulia, na daktari hakuzungukazunguka: mishipa ya ndani inavuja damu, wameichoma kwa miale kadiri walivyoweza, na asitegemee jicho hilo kufika mwisho wa mwaka.

Walipotoka huko walipitia dukani kwangu. Nasiri uso ulikuwa umemshuka. Mahoro alikaa kwenye kiti changu, akaomba maji, akanywa glasi nzima. Kiswahili chake ni cha hapa Kigali, alijifunza ukubwani kwa mumewe, na wala hajali anakosea wapi.

"Eustadia," akaniambia, "mimi nimefundisha watoto sayari ya Zohali miaka ishirini na mbili. Nachora na chaki, nachora na pete yake. Lakini mimi mwenyewe sijaiona. Nataka kuona hiyo kitu mbele jicho haijakufa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikajifanya natafuta uzi chini ya meza.

"Nitakununulia darubini, Mwalimu," Nasiri akasema. "Tena nzuri."

Basi kazi ikaanza. Jamani, nimewahi kumwona Nasiri akichagua kitambaa cha koti la bwana harusi, lakini hii ilikuwa nyingine kabisa. Cherehani ikinyamaza tu, simu iko mkononi, anasoma. Baada ya wiki mbili alikuwa ananifundisha mimi. Akaniambia kuna darubini za kioo na kuna za lenzi, na kwa mgonjwa asiyeweza kuhangaika kurekebisha vioo, ya lenzi ndiyo inayofaa. Unaitoa kwenye boksi, unaielekeza, unatazama. Akaniambia jambo la kwanza si kukuza vitu bali upana wa lenzi ya mbele, maana hiyo ndiyo inayokusanya mwanga. Akachora duara kwenye karatasi ngumu za kukatia mifano, milimita sitini, sabini, themanini, tisini, akazipanga mezani, na kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alilazimika kuzitazama.

Tulikwenda mjini, kwenye duka la vitu vya watoto, tukakuta darubini moja kwenye boksi lenye picha za nyota za kila rangi. Muuzaji akatuambia inakuza mara mia tano ishirini na tano. Nasiri akamuuliza lenzi ya mbele ina upana gani. Yule kijana akarudia, mara mia tano ishirini na tano. Nasiri akatoa tepu shingoni, akapima mwenyewe: hamsini. Akatikisa stendi kwa kidole kimoja, darubini yote ikacheza.

"Hii namba kubwa ni ya kuvutia wajinga," akaniambia tulipotoka. "Lenzi ndogo hivi, ukikuza mara mia tano unaona ukungu mkubwa tu." Nami nikacheka, nikamwambia, "Hapo umeniokoa, ningeshanunua mbili."

Na hapo alikuwa sahihi! Ndiyo maana nilimwamini.

Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaenda. Kiangazi kimekolea, vumbi jekundu kila mahali, na jioni mbingu ikawa wazi hata nyota za pembeni unaziona. Nasiri hajanunua. Siku moja nikamkuta anashona bomba. Nakuambieni ukweli: bomba la marekani, amelitia kanvasi ndani ili lisimame, urefu wa mita moja kasoro kidogo. Alikuwa anataka kujua kama Mahoro ataweza kukaa kwenye kiti na kuinama penye lenzi bila kuumia mgongo. Wakalifunga kwenye mti wa fagio, Mwalimu akaweka jicho lake moja kwenye bomba la kitambaa, akatazama ukuta.

"Unaonaje, mgongo hauumi?" Nasiri akamuuliza.

"Mgongo iko sawa," Mahoro akasema. "Naona rangi ya ukuta. Nasiri, hiyo ya kweli inakuja lini?"

Mwanzoni mwa Agosti nikaipata mwenyewe. Mteja wangu mmoja aliniambia kuna Mkenya anaitwa Dominic, mhasibu, anakaa Kiyovu, mkataba wake umekwisha, anarudi kwao wiki ijayo na anauza vitu vya nyumba. Darubini imo. Ya lenzi, milimita sabini, stendi ya chuma, na bei yake, loo, ilikuwa kama ya bure. Tukaenda siku ileile, saa tisa mchana.

Dominic alikuwa mtu wa watu, katoa soda, kaitoa darubini roshani. "Mzee, hii ni kitu safi," akamwambia Nasiri. "Zohali nimeiona nayo mara nyingi tu, na pete zake. Siku hizi inachomoza saa mbili hivi, ukingoja saa tatu unaipata hapo juu ya kilima. Leo tu, ukitaka."

Leo tu. Nayakumbuka maneno hayo kila siku.

Nasiri akaielekeza kwenye mnara wa simu kilima cha pili. Akainama, akatazama, akarekebisha, akatazama tena. Alikaa hapo muda mrefu mpaka soda yangu ikaisha. Alipoinuka alikuwa amekunja uso.

"Njoo uone, dada," akaniita.

Nikatazama. Mnara ulikuwa pale, karibu, hata vyuma vyake vidogo unavihesabu. Lakini pembeni mwa kila chuma, pale kinapokutana na mbingu nyeupe, palikuwa na mstari mwembamba wa zambarau.

"Umeona?" akanong'ona. "Inachuja."

Mtu mwingine yeyote angeona mnara. Nasiri aliona rangi iliyotoka mahali pake, na kwa fundi nguo hilo halina mjadala. Kitambaa kinachochuja hakiingii kwenye banda lake, hata ukikitoa sadaka. Na mimi ninayeuza nyuzi, niliyewahi kurudishiwa katoni nzima kwa sababu uzi mwekundu ulichuja kwenye shela ya bibi harusi, nilifanya nini? Nilimwunga mkono! Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Achana nayo, Fundi. Kinachochuja ni kibovu. Mwalimu anastahili kizuri."

Dominic hakuelewa. Akasema basi, mzee, ichukue ukae nayo wiki hii, mama aangalie, mkiwa hamjaipenda mrudishe kabla sijaondoka. Bure! Nasiri akakataa kwa heshima. Hapeleki nyumbani mali ambayo hajakata shauri kuinunua. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, kwamba kitambaa kikishalala kwako ni chako. Tukaaga, tukashuka mlima.

Mahoro alikuwa anatusubiri mlangoni. "Iko wapi?" akauliza.

"Ilikuwa inachuja," Nasiri akamwambia. "Nimepata nyingine, ya milimita tisini, bomba refu. Naiagiza leo."

"Sawa," akasema Mahoro. Akaingia ndani akipapasa fremu ya mlango.

Ikaagizwa ng'ambo, ifike Dar es Salaam, binamu yangu Fortunatus aipandishe kwenye lori lake. Wiki tatu, walisema. Zikawa nne, tano, saba. Nilimpigia Fortunatus mpaka akawa hapokei simu zangu. Agosti yote ilikuwa jioni baada ya jioni bila wingu, na Mahoro anakaa nje na kitenge chake mabegani, anatazama juu kwa jicho lile, anauliza nyota ile nyeupe ni yenyewe au siyo. Ilikuwa yenyewe. Kwa jicho tupu ni nukta tu.

Darubini ilifika mwisho wa Septemba, na mvua ilikuwa imeshafika kabla yake. Nasiri aliifungua bandani kwangu. Kitu kizuri, siwezi kusema uongo: bomba jeupe, zito, stendi haitikisiki. Mchana mvua ilipokatika akaielekeza kwenye paa la bati ng'ambo ya bonde.

Nikamwona mabega yanashuka. Nikamsogeza, nikatazama mwenyewe. Pembeni mwa bati, mstari wa zambarau. Mwembamba kidogo kuliko ule wa Kiyovu, lakini ni uleule.

Jioni ile aliketi akasoma tena, safari hii alitafuta hilo moja tu, na lilikuwapo, limeandikwa waziwazi siku zote: darubini za lenzi za bei ya watu kama sisi zote zina uzambarau huo kwenye kingo za vitu vinavyong'aa. Ndivyo lenzi ilivyo. Haukuzuii kuona Zohali wala pete zake. Alinisomea kwa sauti, polepole, kisha akazima simu. Nikakumbuka mdomo wangu kule Kiyovu, nikaona aibu.

Mawingu yalikaa wiki mbili. Kila magharibi Nasiri anaitoa darubini uani, na baada ya saa moja anairudisha ndani ikiwa na matone. Mahoro akaanza kulalamika. "Iko nyuzi, Nasiri. Nyuzi nyeusi inashuka kwa jicho." Wakarudi kwa daktari, daktari akasema ni damu, warudi nyumbani wasubiri. Wasubiri nini, hakusema.

Jumapili moja asubuhi, Oktoba, nilikwenda kuwapelekea ndizi. Mahoro alinikaribisha vizuri, akashika birika, akamimina chai kwenye sinia. Ilijaa sinia, ikamwagika mezani, ikamchoma gotini, ndipo akajua. Akaweka birika chini taratibu. "Imeisha," akasema. Nasiri alikuwa amesimama na vikombe mikononi.

Jumatano mbingu ikafunguka. Mvua ya mchana ilikuwa imeosha vumbi lote, nyota zimejaa. Saa moja na nusu Nasiri alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Njoo." Nikawakuta uani. Mahoro kwenye kiti kilekile alichopimiwa, darubini mbele yake, na mumewe ameinama kwenye lenzi.

"Ni kweli, Mwalimu," Nasiri akasema. "Ina pete."

Mahoro akauliza kama anayesahihisha madaftari. "Pete inagusa mpira, ama iko nafasi katikati?"

"Iko nafasi. Nyembamba, nyeusi."

"Mimi nilikuwa naacha nafasi," akasema. "Nilichora vizuri."

Na mimi kimya hunitesa, lazima niseme kitu, Mungu anisamehe, nikasema, "Mwalimu, angalau mumeo amekutafutia nzuri, hakuna kama hii Kigali nzima."

Akageuza uso. Si kwangu, ni kule alikosikia mumewe anapumua.

"Nasiri," akasema, "mimi sikuomba kitu nzuri. Niliomba kuona."

Nasiri alibaki ameinama vilevile, jicho kwenye lenzi, mpaka Zohali ilipojisogeza yenyewe ikatoka nje ya lenzi, na hata hapo hakuinuka.