Vidudu vya Maua ya Kunde

Mwaka wa arobaini na mbili, asubuhi za Magogoni zilianza na ukungu mwepesi uliolala juu ya mikunde kama shuka iliyosahaulika. Kache alipenda kuingia shambani saa hiyo, kwani vidudu navyo vilikuwa bado usingizini. Vilikuwa vimejilaza ndani ya maua, vyeusi, vyenye mikanda ya manjano mgongoni, vimelewa umande. Alivichuma kimoja kimoja na kuvitia kwenye kifuu, maana vikiamka huyala maua yote na kunde hazipatikani.

Mikono yake ilikuwa imejaa chunjua tangu usichana: kwenye vifundo vya vidole, kando ya kucha, hata kiganjani. Alipokuwa mdogo aliambiwa kwamba zimemwota kwa sababu ya kuhesabu nyota. Aliamini. Kweli alikuwa amehesabu, akilala chali uani kwao, na hakujuta sana, kwa kuwa zilikuwa nyota nzuri. Lakini kanisani alifunika mikono kwa leso.

Siku moja kidudu kilipasukia kidoleni mwake, kikatoa ute wa manjano juu ya chunjua kubwa kuliko zote. Hakuhisi kitu. Kesho yake akaamka na lengelenge limetuna, maji ndani yake yang'aa kama kioo. Siku ya saba ngozi ikabanduka, na ile chunjua ikabanduka nayo. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, yenye rangi ya waridi. Kache alikaa kizingitini akiitazama mpaka uji ukaungua.

Akaenda zahanati, kifuu cha vidudu mkononi. Palikuwa na mganga mmoja pale, Kefa, mtu wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha haraka haraka. Kache alimwonyesha kidole, kisha akafunua kifuu.

Kefa aliinama, akavigeuza kwa kijiti. "Mama, umevitoa wapi hivi?"

"Kwenye kunde zangu. Vimejaa tele."

"Dawa inayotengenezwa kwa vidudu jamaa ya hivi tulikuwa tukiletewa kwa chupa kutoka ng'ambo. Tangu meli zianze kuzamishwa vitani, sijaiona tena." Akacheka peke yake. "Kumbe vyalala shambani kwako!"

Basi wakaanza kazi. Kefa alimfundisha kuviua kwa mvuke wa siki ndani ya chungu kilichofunikwa, kuvianika, na kuvisaga huku amejifunga kitambaa puani. Siku ya kwanza Kache alitia unga kidogo katika maji, na mwingine katika mafuta ya uvuguvugu, akaviacha mpaka adhuhuri. Alipojipaka yale maji mkononi, hayakufanya lolote. Tone moja la mafuta lilimwinulia lengelenge.

"Umeona?" Kefa alimwuliza. "Maji hayaifungui sana dawa yake. Mafuta ndiyo yanayoitoa nguvu. Nayo ni sumu, mama. Kwa nje, tone kwenye ncha ya kijiti. Kwa ndani, hata chembe ni hatari."

Miezi mitatu ikapita kama mtu anayeota. Chunjua zilimtoka moja baada ya nyingine, na watu wakaanza kuja zahanati na chunjua zao, makuli wa bandarini wakaja na magoti yaliyovimba, wakabandikwa plasta ya dawa ile. Jioni moja Mwarandu, mumewe, aliishika mikono ya Kache, akaigeuza huku na huku.

"Ni ya nani hii?" aliuliza.

"Ni yangu."

"Miaka tisa nimekuoa, leo ndiyo naiona."

Lakini miaka tisa ilikuwa na jambo lake. Hawakuwa na mtoto. Mwarandu alikuwa kuli, mtu wa mabega mapana, na wenzake walimtania. Mmoja wao akamnong'oneza kwamba unga wa vidudu vile, mwanamume akiunywa, humpa nguvu za ajabu na mtoto hakosekani.

Jumapili iliyofuata Mwarandu alisema kichwa chamgonga, haendi kanisani. Nyumba ilipokuwa tupu alichota unga kwenye mtungi wa mkewe, akautia katika kahawa, akanywa.

Kache na mama mkwe wake, Dorcas, waliporudi walimkuta amejikunja sakafuni. Midomo ilikuwa imetoka malengelenge. Alisema koo lawaka moto, tumbo lawaka moto, na alipojaribu kukojoa ilitoka damu. Kikombe kilikuwa kando yake, na ndani yake umeganda unga wa kijivu. Kache aliutambua.

"Jumwa!" alimpigia kelele jirani. "Kimbia ukamwite Bwana Kefa! Mwambie amekunywa dawa!"

Dorcas alikuwa amekwisha kaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Sumu, kwa alivyolelewa, huzimwa kwa tui zito. Alilikamua upesi, machozi yakimtiririka, akaja na bakuli. Mwarandu alinyoosha mkono kulipokea.

Kache aliliona tui lile jeupe, na mafuta yake yakielea juu. Akayakumbuka mafuta ya uvuguvugu na lile tone moja. Akalichukua bakuli mikononi mwa mama mkwe wake, akalimwaga mlangoni.

Dorcas alisimama kama aliyepigwa. "Wamnyima mwanangu tui? Mke gani wewe?"

"Nisamehe mama. Mafuta yataiamsha sumu yote. Nipe maji, na wanga wa muhogo."

"Akifa?"

"Akifa, nitakuwa nimemwua mimi. Nipe maji, mama."

Alimnywesha maji, kisha uji mwepesi wa wanga, kijiko baada ya kijiko. Kefa alifika kwa baiskeli, jasho limemlowa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Amepewa mafuta yoyote? Maziwa? Tui?"

"Hapana," alijibu Dorcas, kwa sauti ndogo.

"Basi tuna matumaini."

Siku nne Mwarandu alielea kati ya huku na kule. Homa ilipopanda alizungumza na mtu asiyeonekana, akimwambia asikanyage mikunde, aende polepole, umande bado upo. Kache alielewa kwamba anasema na mtoto. Alikaa akisikiliza, akamwona naye mtoto yule, visigino vyake vidogo vikipotea katika ukungu, na kwa muda hakutaka homa ishuke.

Ilishuka. Siku ya tano mkojo ulirudi kuwa mweupe.

"Nilitaka upate mtoto," Mwarandu alisema.

"Nami nilitaka nisikupoteze. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya."

"Bwana Kefa asema hakuna nguvu pale. Ni kuungua tu."

Mwarandu aligeukia ukutani, akalia, na mkewe akamwacha alie. Mlangoni Dorcas alikuwa anamsikia. Baadaye aliingia na uji, akampa Kache kwanza kabla ya mwanawe.

Figo za Mwarandu hazikurudi sawasawa. Aliacha kazi ya bandarini, akalima. Mtoto hakuja. Unga wote ulihamishiwa zahanati, katika kabati lenye kufuli, na Kache akaajiriwa kuwapaka wagonjwa. Hakuwa amesoma, lakini aliona kwamba chupa ya dawa haiwezi kukaa kimya hivi hivi, bila onyo. Mwarandu, aliyejifunza herufi kanisani, alimshika mkono kwa mchana mzima, wakaandika pamoja kwenye karatasi, kwa herufi kubwa zilizopinda: SI YA KUNYWA. Gundi ilipokauka chupani, Kache alimwomba mumewe amsomee tena maneno yale, kisha mara nyingine, akayafuata kwa kidole.