Aliyenizuia Kwenye Chumba cha Seva

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia, ndilo swali la kwanza. Sikuwa na malaria wala njaa, na jua la Kolwezi lilikuwa linachoma mabati mchana kweupe. Mimi ni mtu wa nyaya na kompyuta. Mambo ya mizimu nilikuwa nawaachia bibi zangu wa Sandoa. Lakini haya yamenipata mimi mwenyewe, na yupo mwenzangu aliyeyaona, kwa hiyo mkitaka kubisha, bisheni nikimaliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, au ndivyo nilivyodanganywa. Kuna kiwanda kimoja cha shaba, jina sitalitaja, chenye mitambo inayojiwekea kumbukumbu ya kila kitu: joto la matangi, nguvu ya pampu, kina cha asidi, miaka nenda miaka rudi. Kumbukumbu hizo zilikuwa zimefungiwa ndani ya seva, katika chumba kisicho na dirisha, na wahandisi walitaka kuzisoma kutoka ofisini kwao. Nikaitwa niweke programu ya kuzifungua. Mkuu wa kazi akaniambia, "Mama, ni kazi ya asubuhi moja tu." Asubuhi moja! Wiki ilikuwa inaisha na bado nagombana nayo.

Mnajua inavyokuwa? Unaweka programu, inakuuliza jina la seva. Unaipa jina, inasema hailijui. Unaipa namba, inakubali, halafu inakunyima ruhusa. Mwenye kutoa ruhusa yuko Lubumbashi na hapokei simu. Akipokea, umeme unakatika. Umeme ukirudi, programu imesahau yote uliyoiambia, na inakuuliza tena, kwa adabu kabisa, jina la seva. Nilikuwa nimefikia kuitukana skrini kwa sauti.

Niliyepewa anisaidie aliitwa Tata Kalenga (tata kwetu ni baba, kwa heshima), mtu wa makamo, mwangalizi wa seva zile. Alikuwa mpole, lakini upole ule unaochosha: hasemi neno mpaka alizungushe kinywani kwanza. Asubuhi ya siku ninayoisimulia hakuonekana, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nikaendelea peke yangu. Baada ya chakula cha mchana nikageuka, nikamkuta amesimama nyuma ya kiti changu.

Mlango wa chumba kile hulia ukifunguliwa. Sikuusikia. Lakini mtu mwenye hasira husikiliza mlango? Nikamwambia, "Jambo, Tata. Unafika saa hizi?" Akasema "Jambo, mama," basi. Alinukia moshi wa kuni, kama mtu aliyekesha kando ya moto. Nikammiminia chai kutoka kwenye chupa yangu, hakuigusa. Kwa kweli, nikikumbuka sasa, hakugusa kitu chochote.

Niaminini, haukupita muda programu ikafunguka. Mistari ya rangi ikajaa skrini, pampu zote, matangi yote. Nilipiga kigelegele peke yangu. Kilibaki kitu kimoja: kwenda kwenye nyumba ya pampu, pale chini ya tangi la asidi, nisome geji kwa macho yangu na kulinganisha na namba ya kwenye skrini. Tata Mwamba, msimamizi wa pampu, alikuwa ananisubiri huko. Nikachukua kofia yangu ya kazi.

"Bado, mama," Kalenga akasema. "Angalia saa."

"Saa gani?"

"Ya kompyuta na ya seva. Haziko sawa."

Nikatazama. Kweli hazikuwa sawa. Nikakaa nikazirekebisha, na kule kurekebisha kukaikata programu, nikaanza upya na jina la seva. Ikafunguka. Nikasimama.

"Bado. Ule mustari iko na shimo katikati."

"Ni umeme, Tata! Umeme ulikatika, kumbukumbu hazikuandikwa. Kila mtu anajua."

"Rudia tu."

Nikarudia. Shimo likabaki palepale, lingeenda wapi? Mwamba akaniita kwenye redio, mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili bila utani. Nikasimama tena. Safari hii Kalenga alikuwa amehamia mlangoni, ameujaza wote.

"Toa programu yote, mama. Anza mupya."

Nitoe yote? Kazi ya wiki nzima, iliyofunguka, niitoe? Na bila kauli yake kwamba kazi imekubalika nisingeweza kuondoka, kwa maana yeye ndiye mwenye seva. Hapo niliona giza. Nikamwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nikamwambia yeye ni kama jenereta bovu, linakula mafuta na haliwaki, na kwamba mke wake simjui lakini namhurumia kwa kulala kitanda kimoja na gogo.

Mlitarajia akasirike? Hakukasirika. Alikuwa anatokwa na jasho, uso mzima, na chumba kile kina baridi ya friji. Akasema polepole, "Tukana tu, mama. Lakini ikala."

Nikakaa. Nikaifuta programu, nikaanza kuiweka upya. Na yeye amesimama tu pale mlangoni.

Nilikuwa naandika jina la seva nilipomsikia Mwamba kwenye ukumbi wa nje. Alikuwa amechoka kuningoja, ameiacha pampu yake na kuja kunigombeza. Akafungua mlango, mlango ukalia. Kalenga akasogea kumpisha. Mwamba akampita begani na kumwambia, "Jambo, Tata," halafu akanigeukia mimi.

"Mama, mi niko mutumishi wako? Minakungoja kule kwenye jua tangu..."

Hakumaliza. Ulikuja mlio ambao siwezi kuuiga, kama bati kubwa linachanwa, halafu king'ora. Tukakimbia nje. Bomba kubwa la asidi lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, juu kabisa ya nyumba ya pampu. Asidi ilikuwa inamwagika pale hasa tulipopaswa kuwa tumesimama, mimi na Mwamba, tumeinamia geji. Paa lilikuwa linatoa moshi. Mwamba alinishika mkono, akaushika kwa nguvu.

Mahali pa kukusanyikia wakati wa hatari, majina yakaitwa. Tukaitikia wote. Nikasema kwa sauti, "Tata Kalenga hayupo! Alikuwa na sisi ndani!" Mwamba akathibitisha, alimsalimu kwa mdomo wake. Mkuu wa kazi akatutazama kama wendawazimu. Kalenga aliomba ruhusa jana, mkuu akasema, yuko kwenye kilio Mutshatsha, mwendo wa saa kadhaa kwa gari, mjomba wake amefariki. Nikambishia. Nilidhani amerudi, nilidhani yuko mule ndani ya mvuke anaungua, na la mwisho alilosikia kutoka kwangu ni matusi. Nililia, sioni haya kusema. Wazima moto wakaenda kumtafuta, hawakumpata. Mlinzi wa lango akaapa hajamwona.

Nikapiga simu yake. Ikapokelewa na mwanamke.

"Ni bibi yake," akasema, yaani mke wake, ndivyo tunavyosema huku. "Iko hapa. Alianguka usingizi pa mukeka kisha kula, tukamwita, tukamutikisa, haamuki. Analoa jasho tu. Batu bakaanza kulia mara ya pili. Sasa hivi tu njo amefungua macho."

Nikasikia simu inachukuliwa. Halafu sauti yake, nzito, kama mtu aliyetoka kubeba magunia.

"Mama. Mulitoka bote?"

Nilimjibu ndiyo, tumetoka wote. Akakata.

Aliporudi kazini nilimfuata kwa shukrani na maswali mengi. Hakutaka hata moja. Alisema alilala, akaota anachoka, basi. Nikaanza kuamini kwamba mimi na Mwamba tulichanganyikiwa kwa hofu. Ndipo akaweka mkono kwenye mlango, akanigeukia.

"Mi unaweza kuniita jenereta, mama. Lakini bibi yangu umuache. Yee anapenda gogo lake."

Chumba kile tulikuwa wawili tu. Mwamba hakuwa amefika. Mniambie nyinyi, nani alimpelekea maneno yale Mutshatsha?

Programu niliikamilisha, wahandisi wanaisoma mpaka leo na kulalamika kwamba ni nzito. Kalenga aliomba ahamishwe, yuko ghalani sasa, na tukikutana ananisalimu kwa heshima na kupita upesi. Mwamba amekuwa mtu wa kanisa. Mimi bado ni mwepesi wa hasira, sikubadilika, ila siku mtu akinichelewesha mwili wangu wote unapata baridi, na badala ya kugomba nakaa chini. Wateja wangu wanadhani nimekuwa mvumilivu.

Lakini kinachoninyima amani ni kingine, nami nakisema ili nanyi mkijue. Baadaye nilikwenda Kolwezi mjini kumsalimu mke wa Kalenga na kumwomba radhi, ingawa hakujua naomba radhi ya nini. Tulipokaa akanisimulia mchana ule: walivyomtikisa, walivyompiga makofi mashavuni, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa amekwisha kuinua beseni la maji ya baridi ammwagie kichwani. Mama mkwe wake akamshika mkono. "Muache," akamwambia, "labda iko na kazi."

Kwa hiyo, ukimkuta mtu wako amelala mchana usingizi mzito, anatokwa na jasho, unamwita haitiki, nakuomba sana: sikiliza kama anapumua. Kama anapumua, liweke beseni chini, ukae karibu naye, na umngoje.