Mlango wa Tela Uliobaki Nyumbani

Namshukuru Mungu Mwenyezi, aliyeumba nuru kabla ya kuumba macho ya kuitazama. Amenifikisha umri huu bado napiga magoti bila kushikwa mkono. Kila alichonipa kilikuwa chema, hata yale yaliyonishtua, na katika kazi yangu yaliyonishtua yalikuwa mengi kuliko mengine. Nawaandikia nyie vijana mnaoendesha matrekta leo katika mkoa wetu wa Katavi, na nyie mnaoyakagua.

Siku ya kwanza ya kazi niliripoti kama fundi mpya katika karakana ya chama cha ushirika cha wakulima, Mishamo. Nilivaa shati jeupe ambalo halikufika saa nne likiwa jeupe. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya upole, asiyevumilia uongo. Hakunionyesha kiti. Alinipeleka nyuma ya tela lililoegeshwa uani, akaweka kidole kwenye kipande chekundu cha plastiki.

"Unajua hii?"

"Rifleksa, mkuu."

"Inatumia betri?"

"Haitumii."

"Basi haina kisingizio cha kuzimika. Gari la nyuma linaipa mwanga, nayo inaurudisha kwa mwenyewe. Dereva wa basi akikukuta jua limezama hajui jina lako wala ukoo wako. Anajua rangi tu. Nyekundu ni mgongo, nyeupe ni uso, ya machungwa ni ubavu. Ukizichanganya umemdanganya, naye atakufa akiwa amekuamini."

Akanifundisha kwamba trekta likivuta tela, taa zake za nyuma zinafichwa, kwa hiyo tela lazima liwe na taa zake, zinazopata umeme kwa waya wenye plagi kutoka kwenye trekta. Rifleksa nyekundu ziwe mbili, moja kila pembe, ili anayekuja nyuma aujue upana wa kitu kilicho mbele yake. Juu ya hayo iwepo pembetatu nyekundu ya kuonyesha kwamba chombo hiki kinakwenda polepole. Nilidhani ni mambo yanayojulikana na kila mtu.

Alasiri hiyohiyo likaingia trekta lenye tela la magunia ya mahindi. Juu kabisa ya magunia alikaa mwanamume mmoja ameshika tochi. Nikamuuliza dereva taa ya nyuma ya tela iko wapi.

"Si huyo hapo," akasema, akanionyesha juu. "Taa ya nyuma ni shemeji yangu."

Nilifikiri ananitania. Hakuwa anatania. Shemeji akawasha tochi, akaielekeza nyuma, akaizima tena ili asimalize betri.

"Akisinzia je?"

"Akisinzia anaanguka, nami nasikia kishindo."

Watu wa karakana wakacheka. Mkuu wa Karakana hakucheka. Alimsaidia yule shemeji kushuka kwa heshima zote, kisha akachomoa ufunguo wa trekta, akauweka mfukoni. Trekta halikuondoka hadi keshoye, tela lake lilipokuwa na taa mbili zinazowaka. Mimi usiku ule sala zangu zilikuwa ndefu. Mtu mzima na akili zake alikuwa amekubali kuwa taa, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa mkuu na mimi.

Baada ya miaka kadhaa Mhandisi wa Ushirika alinihamishia Sitalike, pembeni mwa hifadhi. Huko adui alikuwa vumbi. Rifleksa iliyofunikwa na vumbi ni sawa na kipande cha ubao, hivyo niliwalazimisha madereva wote kubeba kitambaa chenye maji. Huko pia alinijia dereva wa basi, mtu mkubwa wa mwili. Alikuwa ameona rifleksa nyeupe mbele yake, akajua chombo kinakuja, akakaa upande wake akikisubiri kipite.

"Nikasubiri, mzee. Hakiji. Kumbe tunaelekea njia moja. Nimekigundua kikiwa hatua kumi, na nina watu ndani."

Nilimtafuta mwenye tela. Aliniambia nyekundu zilikwisha dukani, akaona nyeupe zinang'aa zaidi. Alitegemea nimsifu.

Kwa hiyo nilipopewa cheo cha Mkaguzi Mkuu na kupelekwa Inyonga, nilijiona ninayajua makosa yote ya wakulima. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Matela ya Inyonga yalikuwa yamechakaa. Fremu ya chini, mahali pa kawaida pa kufunga rifleksa, ilikuwa na kutu na matope. Nikatafuta mahali pasafi, nikapaona. Ni ule mlango wa nyuma, ubao mpana unaofungwa kwa pini mbili kuzuia mzigo usimwagike. Nikaagiza taa, rifleksa na pembetatu vyote vifungwe mlangoni. Matela yaliletwa uani asubuhi kweupe, matupu, yamepangwa mstari. Milango ilimeta kama madirisha ya kanisa. Nilisaini vyeti vyote, na Meneja wa Kituo akanipigia makofi mbele ya watu. Nakiri nilifurahi kupita kiasi, na kila mwaka nikakagua vivyo hivyo.

Huko Inyonga wanalima tumbaku, na tumbaku inakaushwa kwa moto katika mabani, yaani vibanda vya kukaushia. Msimu wa kujenga mabani, matela hubeba miti mirefu. Jioni moja, jua limezama lakini anga bado lina wekundu, Mwalimu Editha wa shule ya msingi alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki. Aligonga nyuma ya tela la dereva mmoja aitwaye Kasanda, lililosheheni miti. Mungu ni mwema, miti ilipita pembeni ya kichwa chake. Paja lilivunjika mahali pawili.

Tela la Kasanda halikuwa na rifleksa hata moja. Halikuwa na taa. Ilisemekana amezing'oa. Kamati ya ushirika ikaitisha kikao cha kumnyang'anya trekta moja kwa moja na kumwandikia barua ya kumpeleka mbele ya sheria kama mtu aliyeharibu vifaa vya usalama kwa makusudi. Kasanda alikuwa na watoto sita, na hakujua kazi nyingine.

Meneja wa Kituo aliniita ofisini. "Wewe usiwe na wasiwasi," akasema. "Cheti kina saini yako kwamba tela lilikuwa kamili. Karatasi inakulinda."

Nilitoka nikiwa na hasira na Kasanda. Nikaenda kwake nimwone mtu wa namna hiyo. Nilipoingia uani nilisimama. Mlango wa tela ulikuwa umeegemezwa ukutani, chini ya paa, umefunikwa gunia safi. Kasanda akalifunua. Rifleksa zote zilikuwepo, taa zilikuwepo, pembetatu ilikuwepo, havina hata mkwaruzo.

"Sijang'oa kitu, mzee. Miti ina mita sita. Mlango ukifungwa, miti itakaa wapi? Lazima uuvue."

"Na ukiuvua unauacha nyumbani?"

"Sasa niubebe wapi? Utachubuka." Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Kila mtu huku anauvua. Tunauvalisha siku ya ukaguzi."

Nilimwambia anasema uongo ili ajiokoe. Akanijibu kwa utulivu, "Zunguka."

Nikazunguka. Nyumba ya pili, mlango uko ndani ya stoo, juu ya magunia, panya wasiufikie. Nyumba ya tatu, mlango umetundikwa sebuleni. Nyumba ya nne nilimkuta mama mjane, mwenye tela la marehemu mumewe, akiufuta mlango kwa kitambaa.

"Karibu, Mkaguzi. Umekuja mapema mwaka huu," akasema. "Ona, nimezitunza. Hata vumbi hazijui."

"Mama, na tela liko wapi?"

"Limeenda kubeba miti."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Watu hawa hawakuwa wakaidi. Walinitii kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitii. Niliwaambia vitu hivi ni vya thamani, wakavitunza kama vitu vya thamani. Niliwakagua kweupe, matela yakiwa matupu, wakaelewa kwamba hivyo ni vya kweupe, vya matela matupu. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kusimama barabarani jioni nikatazama tela lililopakiwa. Hakuna aliyenizuia. Sikufikiri.

Siku ya kikao niliomba kusema kabla ya Kasanda. Nikawaambia kosa la kufunga vifaa kwenye mlango unaovuliwa ni langu, agizo ni langu, saini ni yangu. Kasanda ana kosa la kuingia barabarani bila taa, nalo lazima alijibu, lakini hakung'oa kitu, na barua inayosema aling'oa itakuwa ya uongo.

Mjumbe mmoja, rafiki yangu wa kwaya, akasema, "Mzee, umebakiza miezi michache ustaafu. Unataka utakatifu wa haraka?"

"Nataka mwandike kilichotokea," nikajibu.

Waliandika. Kasanda alisimamishwa msimu mmoja, kisha akarudishiwa trekta. Mimi nilivuliwa cheo cha Mkaguzi Mkuu, nikamaliza utumishi wangu kama fundi wa kawaida. Nilistahili. Meneja wa Kituo hakunisalimia tena vizuri, na simlaumu.

Nilikwenda hospitali Mpanda kumweleza Mwalimu Editha mwenyewe. Mguu wake ulikuwa umefungwa, umeinuliwa. Nilimweleza yote bila kupunguza.

"Nilikuwa natazama barabara, babu," akasema. "Na barabara ilikuwa tupu. Naapa ilikuwa tupu." Kisha akaniuliza, "Hayo matela mengine, umeyarudia?"

Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha. Swali lake liliniumiza kuliko kama angenikataa, kwa sababu tangu siku ya kikao nilikuwa nimeshughulika na dhamiri yangu, na matela yalikuwa bado yanatembea.

Kesho yake nilianza. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na drili, bisibisi na brashi ya kusugua kutu. Nilihamisha kila kitu kutoka mlangoni hadi kwenye fremu, mahali pasipovulika. Kwa mzigo mrefu unaopita mwisho wa tela, nilitengeneza ubao mwepesi wenye taa na rifleksa mbili, unaofungwa kwenye ncha ya miti yenyewe. Wengine walininung'unikia kwamba nimewaharibia milango. Yule mama mjane alilia kidogo nilipoing'oa rifleksa yake aliyoitunza. Kisha jioni nilisimama kando ya barabara na kuwamulika mmoja mmoja wakirudi. Aliyewaka nyuma alipita. Asiyewaka nilimsimamisha, sina cheo, nina sauti tu.

Mwalimu Editha amerudi darasani. Anachechemea, na baridi ikija mguu unamuuma. Tukikutana ananisalimia, nami nasimama hadi apite.

Siku yangu ya mwisho Mhandisi wa Ushirika aliniomba niwaandikie wakaguzi wapya kanuni za kazi. Alitegemea kurasa nyingi. Nilimpa mstari mmoja: mkague tela likiwa na mzigo wake, saa ile ambayo watu wanalikuta barabarani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe wa kukuambia kosa lako ungali na nguvu za kulirekebisha, na moyo wa kumsikiliza. Akulinde njiani, na wote wajao nyuma yako wakuone mapema. Amina.